Ukurasa wa Watakatifu

Adélaïde alikuwa anamenya viazi jikoni kwa mama yake, mtaani Kadutu, aliposikia redioni sauti ya mkuu wake wa kazi ikiiba miaka miwili ya maisha yake.

"Ule mfumo niliubuni mimi mwenyewe," Papa Ignace alikuwa akimwambia mtangazaji, kwa kile Kiswahili chake cha kuvaa tai. "Nilitembelea vituo vyote kumi na kimoja. Niliona mateso ya wauguzi wetu. Nikajiambia, Ignace, fanya kitu."

Vituo vyote kumi na kimoja! Mtu ambaye viatu vyake havikujua rangi ya tope la mlimani, ambaye akifika Bagira tu, hapahapa mjini, husema amesafiri! Mtangazaji akamsifu, akamwita mtaalamu wetu, fahari ya Bukavu, naye Ignace akacheka kile kicheko cha mtu anayekataa sifa huku amezikumbatia. Alikuwa amerudi juzi kutoka Kinshasa, alikokwenda kuuonyesha mfumo kwenye mkutano mkubwa. Wiki nzima Adélaïde alikuwa anajidanganya kwamba huko Kinshasa jina lake lilitajwa, hata kwa bahati mbaya.

"Umejikata?" mama yake akamuuliza.

"Hapana, Mama."

Lakini kisu alikiweka chini, akaizima redio.

Aliyetembea alikuwa yeye. Ni yeye aliyepanda pikipiki hadi njia ya Kalehe, kompyuta mgongoni imefungwa kwa nailoni, kisha akapanda mlima kwa miguu saa mbili. Alipita Lwiro kwenye mvua na kushuka Sange kwenye joto la kuchemsha mtu ubongo. Na kila alipofika aliwakuta wauguzi walewale na kilio kilekile: kompyuta waliyopewa na wafadhili imefunikwa kitambaa kama maiti, kwa sababu inataka intaneti, na intaneti yenyewe huko milimani ni hadithi tu.

Vituo hivyo vilikuwa vya chama kimoja cha kuzalisha akina mama, chini ya Padri Déogratias. Adélaïde aliitazama shida ile mwezi mzima, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Akaweka seva ndani ya kila kompyuta ya kituo. Watu wengi wakisikia neno seva wanafikiri jitu la chuma mahali fulani, kwenye chumba chenye baridi, linalowagawia wengine kurasa. Hii yake ilikuwa programu ndogo, nyepesi, iliyoweza kuishi hata kwenye kompyuta iliyokwisha kuchoka. Muuguzi anafungua kivinjari kama mtu anayeingia mtandaoni, na ukurasa unakuja, na fiche za akina mama, yaani kadi zao za kliniki, zinakuja, lakini hakuna kilichotoka nje ya meza ile. Kompyuta inajiuliza na kujijibu yenyewe. Mvua inyeshe, mnara wa simu uanguke, kazi inaendelea.

Kila Ijumaa pikipiki ilipita kukusanya flashi za vituo. Bukavu ziliunganishwa, na Jumatatu orodha iliyounganishwa ikarudishwa mlimani. Fiche ya mama mmoja ikikutwa mara mbili, ile yenye tarehe ya karibuni ndiyo ilibaki, ya zamani ikafutwa. Basi.

Shida ilikuwa hiyo tarehe. Kompyuta zile zilikuwa za msaada, kuukuu, na kile kibetri kidogo cha ndani kinachotunza saa kilikuwa kimekufa katika karibu zote. Umeme ukikatika, na sisi tunajua unakatika mara ngapi, kompyuta ikiamka inaamini kwamba leo ni tarehe mosi Januari 2010. Mama anaandikwa asubuhi hii, fiche yake inakuwa na umri wa miaka kumi na zaidi. Ijumaa ikifika, fiche ya mwezi uliopita inaifuta, maana mashine inaiona ndiyo mpya.

Vibetri vipya viliombwa, vikaahidiwa, havikuja. Ndipo Adélaïde akakumbuka kitu kimoja ambacho hakikosekani katika kituo chochote: kalenda ya jimbo la Kanisa, imepigiliwa msumari ukutani juu ya mizani ya watoto, kila siku na mtakatifu wake. Akatengeneza ukurasa wa asubuhi. Kabla ya kazi yoyote ulimuuliza muuguzi maswali mawili: leo ni tarehe ngapi, na leo ni ya mtakatifu gani? Tarehe na mtakatifu visipopatana, mlango haufunguki; vikipatana, saa ya kompyuta inarekebishwa na fiche zinafunguka. Mtu anaweza kukosea tarakimu akiwa na usingizi, lakini kukosea tarakimu na mtakatifu wake kwa pamoja, si rahisi.

Wauguzi waliupenda kuliko kitu kingine chochote. Maman Eulalie, mkuu wa kituo cha juu ya njia ya Kalehe, mwanamke wa miaka hamsini na mitano aliyezalisha nusu ya mlima, aliuita sala yake ya asubuhi. Adélaïde akazidi kuupamba. Muuguzi akifikiwa na sikukuu ya jina lake, ukurasa unampongeza. Kwa Eulalie ni tarehe kumi Desemba. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo za adabu, aliandika: Imetengenezwa na Adélaïde, Bukavu.

Ndipo mahali pekee jina lake lilipokuwa duniani, na ndipo Ignace alipopeleka kidole chake.

Alimwita ofisini katikati ya Oktoba, wiki moja baada ya redio. Ofisi ya Ignace ilipakana na chumba chenye kiyoyozi, na ndani ya chumba hicho kulikuwa na mashine kubwa nyeusi yenye taa za kijani, imefungiwa kwa kufuli. Wageni wote waliambiwa ule ndio moyo wa mfumo. Kazi yake yote ilikuwa kuunganisha zile flashi za Ijumaa, kazi ambayo hata kompyuta ya mtoto wa shule ingeifanya, lakini mwambie Ignace hivyo uone.

"Mukataba yako inaisha mwisho wa mwezi," Ignace alisema, bila kumtazama. "Budget imepunguka. Unaelewa."

"Ninaelewa, chef."

"Tarehe makumi mbili na mbili ya Novemba babailleurs, bale bafadhili, bakuya. Kama banapenda, tunaenda vituo makumi ine. Minataka kila kitu ikuwe propre, safi kabisa." Akageuza kompyuta yake, na pale kwenye kioo ulikuwa ukurasa wa asubuhi. "Sasa hii page ya batakatifu. Iko na kazi gani? Batu bataona sisi ni batoto ba catéchisme. Nataka niitoe, niweke photo yangu na mot de bienvenue, neno ya kukaribisha bageni. Kuna kitu itaharibika?"

Adélaïde alilitazama jina lake, lile dogo la adabu, chini ya kidole cha mtu huyu. Damu ilimpanda mpaka masikioni. Hakusukumwa na shetani wala kulewa na chochote. Alijua kabisa anachosema.

"Iko décoration tu, ya kupamba, chef," akajibu. "Muiondoe."

"Uko sûre?"

"Niko sûre."

Na akatabasamu. Akashuka ngazi za chama taratibu, akatoka barabarani, mtaani Nguba, akatazama ziwa, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya redio alihisi njaa. Akanunua sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani, akazila zote peke yake akiwa amesimama.

Mahesabu yake yalikuwa mepesi. Wiki tano zinatosha kwa tarehe kuvurugika. Siku ya wageni Ignace atafungua orodha mbele ya watu, na orodha itamvua nguo. Mfumo ni wake? Basi na aibu iwe yake. Kisha watamtafuta aliyeutengeneza, naye atarudisha kila kitu kwa siku mbili. Hakuna atakayeumia, alijiambia. Wauguzi wana makaye yao, daftari za karatasi. Maman Eulalie hata Mungu akimwambia aache kaye yake, ataomba barua yenye muhuri.

Asichojua ni kwamba barua yenye muhuri ilikwisha kutumwa. Ignace aliandikia vituo vyote: karatasi zimekwisha, kaye zote zifungiwe, fiche ya kompyuta ndiyo itakayoaminiwa. Maman Eulalie akanuna siku mbili, kisha akaifungia kaye yake kwenye droo na kuuvaa ufunguo shingoni, pamoja na medali ya Bikira Maria.

Mwanzoni mwa Novemba simu ya Adélaïde ililia. Alikuwa nyumbani, hana kazi, anaandika barua za kuomba kazi.

"Mwanangu," Maman Eulalie alisema, "page yetu ya asubuhi imepotea. Sasa ni sura ya Ignace tu inatuangalia. Nilimuuliza, anasema ni modernisation. Lakini mi nakuuliza weye, mwenye uliifanya. Haina shida?"

Adélaïde aliibana simu sikioni. Alisikia kwa mbali, ndani ya simu, mtoto mchanga akilia na mtu akicheka. Angeweza kusema. Neno lilikuwa limekwisha kufika mdomoni. Lakini Eulalie akijua, atampigia Padri siku hiyohiyo, ukurasa utarudi, Ignace ataweka sura yake juu yake na kusimama mbele ya wageni akiwa msafi kama aliyetoka kubatizwa. Alibakiwa na siku kumi na saba tu za kungoja.

"Itaenda tu, Maman," akasema. "Vumilia kidogo."

"Basi, kama ni weye unasema."

Wakaagana, wakakata simu. Adélaïde akarudi kwenye barua zake. Siku ile hakuandika tena hata mstari mmoja, lakini wala hakupiga simu.

Tarehe ishirini na mbili Novemba ukumbi wa chama ulijaa. Wakuu wote wa vituo waliitwa, wamevaa vitenge vya sherehe. Padri Déogratias alikaa mbele, na pembeni yake Madame Valérie, mjumbe wa wafadhili, aliyetoka Kinshasa na miwani ya kusomea na kalamu isiyotulia. Nani alikuwa nyuma kabisa, karibu na nyaya? Adélaïde. Ignace mwenyewe alimwita kwa siku moja, aunganishe mashine na projekta, kwa sababu mtaalamu wetu, fahari ya Bukavu, hakujua waya upi unaingia wapi. Na Adélaïde alikubali haraka, kama mtu aliyealikwa harusini.

Ignace alisema kwa nusu saa. Alikionyesha kile chumba cha baridi na mashine yake, akapiga kifua. Kisha Madame Valérie akainua kalamu.

"Ningependa kuona kituo kimoja tu," alisema. "Wanawake waliojifungua mwezi huu."

"Bila shaka, Madame." Ignace akachagua kituo, akabofya.

Ukutani ikatokea sifuri.

Akachagua kingine. Wawili. Akachagua cha tatu, jasho likaanza kumtoka kwenye masharubu. Sifuri.

"Na hawa wote ni akina nani?" Madame Valérie aliuliza, akionyesha chini ya orodha, ambako majina yalikuwa yamerundikana chini ya Januari 2010. "Huyu, kwa mfano. Ana miaka kumi na tisa sasa. Hapa mnasema alizaa mwaka 2010. Alizaa akiwa na miaka mitano?"

Ukumbi ulicheka. Muuguzi mmoja akasema kwa sauti kwamba huyo ni muujiza, Padri auandikie Roma, na kicheko kikawa kikubwa zaidi. Ignace alibofya hapa, akabofya pale, na kila alipobofya ukuta ulimwaibisha upya. Adélaïde alisimama nyuma, mikono kifuani, akiinywa aibu ile tone kwa tone. Ilikuwa tamu. Nisiseme uongo, na yeye hakujidanganya: hakuna kitu kilichowahi kuwa kitamu hivyo maishani mwake.

Mwishowe Ignace akageuka, akamtafuta kwa macho.

"Adélaïde! Njoo! Kuna nini hapa?"

"Mimi, chef?" Alikuja mbele polepole. "Si weye ulitengeneza?"

Walicheka tena. Madame Valérie alimtazama juu ya miwani, akamwomba aeleze, na Adélaïde akaeleza: kibetri kilichokufa, saa inayorudi 2010, kalenda ya ukutani. Akatoa flashi kutoka mfukoni, akaichomeka kwenye kompyuta ya Ignace. Dakika mbili, na sura ya Ignace ikatoka ukutani, ukurasa wa asubuhi ukarudi mahali pake.

"Uandike, Papa Ignace," akamwambia. "Ni mfumo wako."

Ignace aliandika tarehe. Ukurasa ukauliza mtakatifu. Akasimama pale, vidole hewani, mkristo wa mstari wa mbele katika kila misa kubwa, hajui. Alimtazama Padri, Padri akatazama viatu vyake.

"Sesilia!" wauguzi wote wakapiga kelele kwa pamoja. "Mutakatifu Sesilia!"

Mlango ukafunguka. Na chini, kwa herufi ndogo ambazo projekta ilizifanya kubwa kama mkono, watu wote wakasoma: Imetengenezwa na Adélaïde, Bukavu. Padri Déogratias alilisoma kwa sauti, mara mbili. Makofi yakaanza kwa wauguzi, yakafika kwa wageni.

"Lakini nilimuuliza!" Ignace alipaza sauti, tai imepinda. "Mbele ya kuitoa nilimuuliza! Aliniambia ni décoration!"

Hakuna aliyemsikiliza. Mtu aliyeshikwa na wizi husema chochote. Adélaïde alitikisa kichwa kwa huruma ya kuigiza, na ukumbi ukapiga makofi zaidi. Watu wote walipiga, isipokuwa mmoja. Maman Eulalie alikuwa ameinama, akitafuta simu iliyokuwa inalia ndani ya mkoba wake.

Alitoka nayo barazani. Adélaïde akamfuata, kwa sababu alitaka kukumbatiwa na mtu aliyempenda.

"Zagabe, sema pole pole," Eulalie alikuwa akisema. Zagabe alikuwa muuguzi msaidizi, mtu mzima mwenye watoto watatu, aliyeachiwa kituo siku ile. Simu ilikuwa kwenye sauti ya juu, ya wale wasiosikia vizuri, na kila neno lilitoka.

"Ni Francine, Maman. Anatoka damu. Damu mingi. Alikuya na uchungu kidogo, nikamupima…"

"Ulimupima na mukono?"

"Ndiyo, Maman."

"Zagabe! Niliandika mu mashine! Placenta, kondo ya mutoto, iko chini, picha ya ekografi ya Bukavu ilionyesha. Asipimwe na mukono, itamwaga damu! Akikuya tu, atumwe hospitali! Niliandika tarehe nane ya mwezi huu!"

"Haiko mule, Maman. Fiche yake inaishia mwezi wa tisa. Inasema grossesse iko bien, mimba haina shida." Sauti ya Zagabe ilikatika, ikarudi. "Ye mwenyewe alisema ulimukataza kuzala hapa. Nikaangalia mashine, nikafikiri ni woga tu. Karatasi ya ekografi sikuiona."

Karatasi ya ekografi ilikuwa ndani ya kaye, kaye ndani ya droo, na ufunguo ulikuwa unaning'inia pale barazani Bukavu, juu ya kitenge cha sherehe.

"Mumuteremushe," Eulalie alisema. "Na kipoyi, sasa hivi, banaume ine bamubebe mabegani. Mimi natafuta gari ikutane naye ku barabara."

Adélaïde alimfahamu Francine. Fiche yake ilikuwa ya kwanza kabisa kuandikwa kwenye kompyuta ile, miaka miwili iliyopita, Adélaïde akiwa anamwelekeza Eulalie vidole. Francine alikuwa na mimba ya mtoto wake wa kwanza, na aliwacheka wote wawili jinsi walivyohangaika na herufi. Wakati wa kuondoka alimpa Adélaïde maharage ya kupeleka kwa mama yake.

Gari la chama liliondoka na daktari. Eulalie alitaka kwenda nalo, lakini nafasi ilikuwa imechukuliwa na chupa za damu. Akabaki kwenye ngazi, ameushika ufunguo. Ndani ya ukumbi bado walikuwa wanacheka jambo fulani.

"Kile Ignace alisema," Eulalie aliuliza, bila kugeuka. "Ni kweli? Alikuuliza?"

Adélaïde alitaka kueleza yote tangu mwanzo: redio, Kinshasa, kidole kile juu ya jina lake. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililojibu swali lile.

"Aliniuliza," akasema.

"Ukamujibu ni décoration."

"Ndiyo, Maman."

"Na mimi nikakupigia."

"Ndiyo."

Eulalie alitikisa kichwa polepole, kama anapohesabu mapigo ya moyo ya mtoto tumboni. "Ignace ni mwizi na ni mujinga," akasema. "Lakini ye hakujua. Weye ulijua."

Francine alifariki kwenye kipoyi, kabla ya kufika barabarani, kwenye kona ile ambapo ziwa linaanza kuonekana. Mtoto alikufa naye. Habari ilifika Bukavu saa tisa alasiri, wageni wakiwa wanakula.

Yaliyofuata yalikwenda kama Adélaïde alivyopanga. Kila kitu alichokitaka kilimjia. Ignace alipelekwa likizo isiyo na tarehe ya kurudi, na Bukavu nzima ikamtia kifo cha Francine mikononi, maana ndiye aliyeuondoa ukurasa na ndiye aliyefungisha kaye. Kilio chake cha décoration kiligeuka kichekesho cha mjini. Padri Déogratias alimwandikia Adélaïde barua ya kumpa nafasi ya Ignace, akamwomba msamaha kwa niaba ya chama. Madame Valérie akakubali vituo arobaini, kwa sharti moja, kwamba jina la mwenye kazi liandikwe. Eulalie hakumwambia mtu yeyote alichokijua. Adélaïde alingoja asemwe, siku baada ya siku, hakusemwa, na ukimya ule ukawa mzito kuliko kama angetukanwa hadharani.

Aliurudisha ukurasa kituo kwa kituo. Kile cha juu ya njia ya Kalehe alikiacha mwisho. Alipopanda mlima, tarehe thelathini Novemba, alikutana na mume wa Francine akishuka na ndoo. Mtu yule alisimama, akavua kofia, akamshukuru kwa mikono miwili. Alisema amesikia kwamba sasa mashine imepona, na wanawake wengine hawatapata kama mke wake. Adélaïde aliipokea mikono ile kwa sababu hakujua namna ya kuikataa.

Maman Eulalie alimpokea kwa adabu. Akampa kiti, akampa chai. Hakumwita mwanangu. Adélaïde akachomeka flashi, akafanya kazi yake, akiwa ameipa mgongo kaye ya karatasi, ambayo sasa ilikuwa wazi juu ya meza. Ukurasa ukafunguka. Eulalie akavaa miwani, akasogea, akaitazama kalenda iliyo juu ya mizani, akaandika tarehe, akaandika Andrea Mtume. Mlango ukafunguka.

Adélaïde alikuwa amelifuta jina lake. Kwenye vituo kumi alikopita alikuwa ameliacha, kama Padri alivyoagiza, lakini kwenye hiki alishindwa. Eulalie aliinama, akatafuta chini ya ukurasa.

"Jina iko wapi?"

"Niliitoa, Maman. Nilifikiri hapa kwako…"

"Irudishe."

Adélaïde akaandika jina lake kwa herufi zilezile ndogo.

"Kubwa," Eulalie alisema. "Uiweke juu, si chini. Nataka niione mbele ya kuona mugonjwa yeyote."

Akaliweka juu, kubwa. Lilijaza kioo upande mmoja hadi mwingine, na Zagabe, aliyekuwa anafagia karibu na mlango, akasimama kulisoma, kisha akaendelea kufagia.

"Sasa ile salamu ya tarehe kumi Desemba," Eulalie alisema, akivua miwani. "Ile ya sikukuu yangu. Uitoe."

"Maman, tafadhali."

"Uitoe. Jina uiache."

Adélaïde aliifuta salamu. Mama mmoja mjamzito alikuwa amekwisha kuingia na kukaa kwenye benchi, na Maman Eulalie akaenda kumpokea.